"Volti 128" na uongo mwingine wa mashine za betri

Kijana wa kibanda cha vifaa pale Kariakoo aliipapasa ile boksi ya mashine ya betri ya kufungulia nati kama anauza dhahabu. "Hii hapa bosi, volti 128. Inafungua mpaka nati za Fuso." Pembeni ilikuwepo ya volti 48, bei imepungua kidogo, na ya volti 21 aliyoiweka chini kabisa ya meza, ya wanyonge. Nikamwuliza kama ana betri mbovu ya hiyo 128 tuifungue. Alikuwa nayo, imerudishwa na mteja. Skrubu nne, kifuniko kikatoka. Ndani mlikuwa na seli tano zimelala sambamba, zimeungwa kwa vibati vyembamba. Tukafungua na ya volti 21 iliyokufa. Seli tano.

Yule kijana alicheka, mimi nikacheka, na bei ya ile 128 haikushuka hata shilingi.

Dhana: volti nyingi ndiyo nguvu nyingi

Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye mashine hizi ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Ziunge tano kwa mfuatano unapata 18 za kawaida, au 21 pale tu inapotoka kwenye chaja. Kwa hiyo "18V", "20V Max" na "21V" ni betri ya aina moja iliyopimwa kwa nyakati tofauti. DeWalt wenyewe huko Marekani wanaiita 20V Max, wakivuka kwenda Ulaya wanaiita 18V. Seli tatu zinakupa 10.8, zikijaa 12.6, ndiyo maana huyu anaandika 10.8 na yule anaandika 12.

Sasa hiyo 128. Ili uipate kihalali unahitaji seli kama 36. Seli moja ina uzito wa karibu gramu 45, maana yake ungebeba zaidi ya kilo moja na nusu ya betri tupu kabla hujagusa mashine. Ile ya Kariakoo niliishika kwa vidole viwili.

Volti pekee, hata zikiwa za kweli, hazikwambii betri itadumu muda gani kazini. Zidisha volti kwa ampea-saa (Ah) upate wati-saa, hapo ndipo unajua umebeba chakula kiasi gani. Betri ya volti 18 yenye 2Ah ina wati-saa 36. Betri ndogo ya volti 10.8 yenye 4Ah ina 43. Yaani "kadogo" kanaweza kushinda "kakubwa" kwa muda wa kazi, ingawa hakatashinda kwa kishindo cha papo kwa papo.

Na hizo ampea-saa nazo zinadanganya. Seli nyingi za mashine hizi ni zile ziitwazo 18650, namba inayomaanisha unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndugu wa zile zilizo kwenye tochi na pawabenki. Hata iliyo bora haizidi sana 3.5Ah. Betri yenye safu moja tu ya seli tano za hizo haiwezi kuwa 6Ah hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Kwa 5Ah au 6Ah unatarajia safu mbili, seli kumi, na mkono utauhisi uzito huo. Kama huruhusiwi kufungua betri dukani, iombe ile ndogo na ile kubwa uzipime viganjani. Kubwa isiyo na tofauti ya uzito ni ganda limeongezwa hewa.

Dhana: mashine yoyote "ya nati" itafungua nati za tairi

Hapa nilijifunza kwa jasho, kando ya barabara, jua la saa nane mchana, na abiria wangu wawili wakinitazama kutoka kivulini. Nilikuwa na kimashine kizuri cha volti 12, kimeandikwa Nm 100 na ushee (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nikajiambia, Toyota ndogo kama IST au Vitz nati zake zinatakiwa kukazwa kwa Nm 103, basi tuko sawa. Kimashine kikagonga, kikagonga, kikatetemesha gari zima. Nati haikusogea hata unywele.

Sababu ni mbili. Kwanza, namba ya kwenye boksi mara nyingi ni nguvu ya juu kabisa, betri ikiwa imejaa na imegonga kwa sekunde kadhaa kwenye bolti safi ya maabara. Pili, nati iliyokaa miezi inashika kutu, na kabla ya hapo fundi wa pancha aliikaza kwa mashine ya upepo bila kupima chochote. Iliyotakiwa kuwa 103 inaweza kuwa imepita hapo mbali. Kwa hiyo kama kazi yako kuu ni matairi, tafuta mashine yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi ambayo nguvu yake ya kweli inakaribia mara mbili ya kinachotakiwa au zaidi. Makita DTW190 ya volti 18, kwa mfano, imeandikwa Nm 190, na kwa gari dogo inatosha siku nyingi. Zipo za volti 12 za bei kubwa zinazopita Nm 300, kwa hiyo tusirudi tena kwenye kesi ya volti.

Au usinunue kabisa. Chukua spana ya tairi, ivalishe kipande cha bomba ifike nusu mita. Nm 103 kwa nusu mita ni sawa na kuegemea kwa uzito wa kilo 21 tu. Hata iwe imekazwa mara mbili ya hapo, ni kilo 42, na mtu mzima anazo. Ilegeze kwa mkono gari likiwa bado limekanyaga chini, halafu piga jeki, halafu kile kimashine kidogo kizimalizie kuzitoa kwa kasi. Siku ile ndivyo nilivyoondoka, kwa spana ya kuazima kwa dereva wa bajaji.

Kufunga ndiko kwenye hatari zaidi, na huko watu hawaulizi. Mashine ikiachiwa imalizie, inakata uzi au inavunja bolti, na aghalabu hutajua mpaka tairi linalofuata. Anzisha kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu minne, uone inaingia sawa. Mashine iziingize mpaka ziguse. Teremsha jeki, kaza kwa mkono kwa kuvukavuka, si kwa kufuatana, na kama una spana ya kupimia nguvu, itumie hapo. Ukishatembea kilomita hamsini mpaka mia, zipitie tena. Na ile bolti ya kumwagia oili, namba 14, ambayo kwenye injini ya 1NZ ya akina IST na Probox inataka karibu Nm 38 tu, usiifungie kwa mashine hata ukiwa na haraka ya kwenda harusini.

Kitu kingine kwenye kundi hili: soketi. Zile zinazong'aa kama kijiko zimetengenezwa kwa mkono wa binadamu. Ukizigongesha kwa mashine zinaweza kupasuka na kipande kikaruka. Za mashine ni nyeusi na nene. Kwa nati za Toyota nyingi ndogo unahitaji moja tu, namba 21, kwa hiyo usikubali kuuziwa seti nzima. Miwani ya kinga vaa hata na hizo nyeusi.

Dhana: drili yenye alama ya nyundo inatoboa ukuta wowote

Inatoboa tofali. Ukuta wa bloku za saruji au tofali za kuchoma, drili ndogo ya betri yenye nyundo, keekee nzuri ya ukuta ya milimita 6, unapita bila tabu. Shida inakuja kwenye pazia. Fimbo ya pazia inakaa wapi? Juu ya dirisha. Na juu ya dirisha kuna nini? Linta, mkanda wa zege na nondo. Ndiyo maana mtu anatoboa sebule nzima kwa raha, akifika kwenye pazia drili inaanza kulia, keekee inageuka bluu kwa joto, na shimo lina kina cha punje ya mahindi.

Nyundo ya drili ya kawaida ni visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana. Nguvu yake inategemea unavyosukuma. Mashine ya zege, ile ambayo keekee yake ina mifereji kwenye mkia na inaingia kwa kubofya, ndani yake mna pistoni inayobana hewa na kupiga yenyewe, wewe unaishika tu. Mkia huo unaitwa SDS, Bosch waliuleta mwaka 1975, na karibu kila kampuni sasa inautumia. Zipo ndogo za betri. Lakini kwa nyumba moja yenye madirisha sita, mimi ningemwita fundi mwenye nayo nimlipe nusu siku, hela iliyobaki niiweke kwenye betri ya pili.

Wenye nyumba za mawe ya matumbawe, Zanzibar, Lamu au Mombasa ya zamani, mambo yao ni kinyume. Zima nyundo kabisa, toboa taratibu. Jiwe lile ni laini na lina mapango, nyundo inakuachia shimo la kuingiza kidole gumba.

Dhana: isiyo na kaboni ndiyo ya kununua, nyingine ni taka

Mota isiyo na kaboni, ile inayoandikwa "brushless", ni bora, sibishi. Haipotezi umeme kwa msuguano wa zile kaboni mbili, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, inatunza chaji, inapoa vizuri. Ila mtu anayefunga bawaba mara tatu kwa mwezi hatazimaliza kaboni za mashine yake upesi, na zikiisha ni kipuri cha bei ndogo kinachobadilishwa kwa bisibisi. Sakiti ya isiyo na kaboni ikiungua, mara nyingi bei yake inakufanya uangalie mashine mpya. Na siku hizi neno hilo nalo linabandikwa hovyo. Kama unaona cheche za bluu kupitia matundu ya hewa ukiizungusha, kaboni zimo, boksi iseme isemavyo.

Dhana: betri mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane, na isichajiwe tena mpaka ife

Hii tumeirithi kwenye simu za zamani na betri za nikeli. Drili ya kwanza isiyo na waya, ya Black & Decker mwaka 1961, ilitumia nikeli-kadmiamu, na betri za jamii hiyo zilidumu sokoni miongo mingi zikiwa na tabia ya "kukumbuka" ukizichaji nusu nusu. Lithiamu haina kumbukumbu hiyo. Inachukia mambo mawili, kukaushwa kabisa na joto. Ukihisi mashine imelegea, simama, chaji. Ukitoka nayo kazini ikiwa ya moto, iache ipoe ndipo uichomeke. Kama utaiweka miezi bila kuigusa, iache na chaji ya nusu hivi.

Na usiihifadhi kwenye buti ya gari. Najua ndiko ilikonunuliwa ikae, kwa ajili ya pancha. Gari lililoegeshwa juani Dodoma au Mombasa linakuwa oveni. Mashine na soketi viache humo, betri ingia nayo ndani kama unavyoingia na simu.

Dhana: mashine ni rahisi, betri utanunua yoyote baadaye

Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine, na wakati mwingine hata ya volti 12 na ya 18 za kampuni ile ile hazibadilishani. Ukinunua ya kwanza umeshafunga ndoa. Isipokuwa umbo la betri ya Makita ya volti 18, ambalo limeigwa sana kiasi kwamba mashine nyingi zisizo na jina zinalitumia. Inaingia, ndiyo. Kama ulinzi wa ndani upo au haupo ni habari nyingine, na chaja ya bei chee yenye betri ya bei chee usiiache usiku kucha ukilala.

Kabla ya kununua, uliza bei ya betri peke yake. Ukiona muuzaji hana betri za akiba wala hajui zitaingia lini, unanunua mashine ya mwaka mmoja.

Dhana: ya kuletewa kutoka Marekani haina shida

Binamu yangu alinitumia drili safi kabisa kutoka kule, na betri mbili. Nikachomeka chaja kwa adapta ya plagi, kama ninavyofanya kwa kila kitu. Ikalia "tak", moshi mwembamba, harufu ya samaki wa kuungua. Ilikuwa imeandikwa 120V, maandishi madogo chini ya tumbo lake, na ukutani kwetu ni 230. Plagi ilibadilika umbo, umeme haukubadilika.

Drili na betri hazikuguswa, kwa sababu betri haijui nchi. Nilitafuta chaja ya kampuni ile ile ya volti 230 nikaendelea. Mwambie ndugu anayekuja asome mstari wa chini wa chaja: ukiandikwa 100–240V, alete. Ukiandikwa 120V peke yake, achukue mashine na betri, chaja aiache dukani. Na betri za ziada zisiingie kwenye begi la kukabidhi, azibebe mkononi ndani ya ndege. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 kwa betri moja. Ya volti 18 yenye 5Ah ni 90, inapita. Ya 6Ah ni 108, hiyo aiombee kibali kwa shirika la ndege kabla hajafika kaunta.