"Fundi, tia saruji tu": yanayosemwa kuhusu minara ya taa, na ukweli wake

Wiki iliyopita nimelisikia tena, na mara hii kutoka kwa mtu aliyesoma. Tumesimama chini ya ukuta wa mnara wa taa wa zamani, bahari ipo mbele yetu, naye akaupiga kofi ukuta akasema: "Fundi, chokaa mambo ya wazee. Tia saruji tu tumalize." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayekuja nalo tena nimpe asome.

"Saruji ina nguvu kuliko chokaa, basi mnara wa zamani utengenezwe kwa saruji"

Nguvu inazo, nani kakataa? Tabu ni kwamba zinalizidi jiwe lenyewe. Jiwe letu ni la matumbawe, lina vitundu, linakunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo ni hivyo hivyo. Masika yakipiga, ukuta unalowa. Jua likirudi, unakauka. Ukishauvisha saruji, nyufa nyembamba kama unywele zitatokea tu, kwa sababu mnara hutanuka mchana na kunywea usiku, na saruji haijui kunyumbuka. Maji yanaingia kwa nyufa hizo, njia ya kutokea hayaioni. Na ukuta wa pwani hauna maji matupu, una na chumvi. Chumvi ikikauka ndani ya jiwe inafanya chembe ngumu, chembe zinakua, uso wa jiwe unabanduka, nao unatoka pamoja na ile saruji uliyoisifu.

Niliwahi kuitwa kukagua mnara mmoja, sitautaja, uliopigwa plasta ya saruji miaka michache nyuma na mkandarasi ambaye naye simtaji. Kwa mbali unang'ara kama bibi harusi. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Nikatia ncha ya mwiko kwenye ufa, likaanguka bamba zima, ukubwa wa mlango. Ilikuwa kaskazi, mvua haijaonekana wiki kadhaa, lakini mchanga nyuma ya lile bamba ulikuwa umelowa unakamulika. Nikatia kidole ulimini. Chumvi tupu. Vijana wangu wananicheka kwa kuonja kuta, nami nawaambia fundi wa pwani asiyeonja bado ni msaidizi.

Wengine wanasema sawa, hiyo ya majumba ya Mji Mkongwe, lakini chokaa haistahimili mawimbi. Waende wakasome habari za Eddystone, mwamba ulio baharini karibu na Plymouth, Uingereza. John Smeaton alijenga pale mnara wa taa uliowashwa mwaka 1759, kabla saruji ya Portland haijapatiwa hataza mwaka 1824. Alitumia chokaa ya jiwe lenye udongo ndani yake, akaichanganya na majivu ya volkano kutoka Italia, ikawa inashika hata majini. Mnara ule ulifanya kazi zaidi ya miaka 120. Ulipokuja kuondolewa, kilichoharibika kilikuwa mwamba ulio chini yake, maana bahari ilikuwa ikiula. Sehemu yake ya juu ikabomolewa jiwe kwa jiwe, ikajengwa upya nchi kavu pale Plymouth, na ipo mpaka leo. Sisi majivu ya volkano hatuna, lakini vumbi la matofali ya kuchoma likisagwa laini linafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Nimelitumia, nalijua.

Kinachowashinda watu hasa ni subira. Jiwe linachomwa kwa magogo ya minazi mpaka liwe chokaa, linatiwa maji, halafu chokaa ile inalala shimoni miezi. Ukishaipaka, inakuwa ngumu pole pole kwa kuvuta hewa ya ukaa, ile ile iliyotoka wakati wa kuchoma, yaani inarudi kuwa jiwe. Ukiikausha kwa jua la saa saba mchana itapukutika, kisha utanilaumu mimi. Funika kwa magunia, nyunyizia maji. Na rangi iwe ya chokaa, ipakwe wakati wa kipupwe, kila mwaka ukiweza. Rangi ya plastiki sitaki hata kuisikia. Inaziba ukuta kama saruji.

"Wazee walitia mayai ndiyo maana kuta hazianguki"

Hesabu mayai ya mnara mmoja, kisha uniambie kuku hao walifugwa wapi.

"Mnara ulioanguka Beit al-Ajaib ndio uliokuwa mnara wa taa wa Sultani"

Hapana. Mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile kasri la Sultani pale Mji Mkongwe, Unguja. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, ukaondolewa. Katika matengenezo ya 1897 ukajengwa mnara wa saa uliounganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, na huo ndio ulioporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Ni minara miwili, na hadithi mbili.

"Minara yote ni ya Wareno"

Kila jengo la mawe tusilolijua tunampa Mreno. Mnara wa Chumbe, kisiwa kilicho karibu na Unguja, ni wa 1904, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Na ule wa Ras Kigomasha, Pemba, ni wa chuma. Huo msiniletee habari za chokaa wala saruji. Adui yake ni kutu, dawa yake kukwangua na kupaka rangi kabla kutu haijatoboa.

"Taa ikiwa kubwa ndiyo inaonekana mbali"

Lenzi ndiyo inayokusanya mwanga na kuupeleka upande mmoja, na urefu wa mnara ndio unaoamua utafika wapi, kwa kuwa dunia ina mviringo. Kutoka mita 25 juu ya maji, upeo wa bahari uko kama kilomita 18 tu. Hata ukiweka jua zima pale juu, aliye chini ya upeo ataona mng'ao angani basi.

"Lazima awepo mtu wa kuwasha kila magharibi"

Gustaf Dalén wa Sweden alitengeneza vali ya taa za gesi, yenye fimbo nyeusi: mchana inapata joto la mwanga, inatanuka, inafunga gesi, giza likiingia inanywea, gesi inatoka, taa inawaka. Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mtu anahitajika, lakini kwa kufuta lenzi na kutazama nyufa.

"Siku hizi kuna simu, minara ya nini?"

Muulize nahodha aliyeingiwa na maji kwenye simu, usiku, kusi linavuma.

Yule bwana wa wiki iliyopita kanipigia jana, anauliza mfuko wa chokaa bei gani. Nimemwambia aanze kuchimba shimo.