Aliyekonda kwa njaa usimkaribishe kwa pumba

Mbuzi au ng'ombe aliyetelekezwa anapofika kwenye makao yetu, mbavu zinahesabika na nyonga zimechomoza, mara nyingi aliyemwokota ameshampa kitu njiani: pumba, mahindi, pengine mkate. Amefanya hivyo kwa huruma, nami simlaumu. Lakini mlo huo unaweza kumwua mnyama ambaye njaa yenyewe ilishindwa kumwua.

Wanyama wanaocheua hawameng'enyi majani peke yao. Katika tumbo lao la kwanza, rumeni, huishi vijidudu wasiohesabika wanaoyachachusha. Njaa ya siku nyingi huwapunguza vijidudu hao. Ukimwaga nafaka humo ghafla, wanaoshamiri ni wale wapendao wanga, nao huzalisha asidi. Rumeni yenye afya huwa na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ya kati ya 6 na 7 hivi. Ikishuka chini ya 5.5, mnyama huacha kula, huharisha, hukaukiwa maji, kisha hulala asiinuke.

Hatari ya pili imo kwenye damu, na hii huwakumba hata farasi. Mwili uliokaa na njaa umeishiwa akiba ya fosforasi. Sukari ikiingia kwa wingi, seli huivuta pamoja na fosforasi kidogo iliyobaki kwenye damu, na misuli hulegea, ikiwemo ya moyo na ya kupumulia. Ndiyo maana wengine hufa siku chache baada ya kuokolewa, watu wakidhani hatari imepita.

Kwa hiyo tunaanza na maji safi na nyasi kavu nzuri, kidogo kidogo, hata mara 6 kwa siku. Kufikia mlo kamili huchukua siku 10 au zaidi. Kumtazama mnyama akilia kwa njaa huku umeshika ndoo ni kazi ngumu. Sijaizoea mpaka leo.

Wakati huo kuna kingine cha kuangalia. Kwa mbuzi na kondoo, navuta kope la chini taratibu na kutazama ngozi ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa nyeupe kama karatasi, huenda minyoo wanamnyonya damu tumboni. Kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, ina rangi 5 za kulinganishia: ya 4 na ya 5, zilizopauka zaidi, hazisubiri kesho. Kuwapa wote dawa bila kuwapima kunawafanya minyoo wawe sugu.

Mgeni hukaa zizi la peke yake siku 30 hivi, lakini mahali anapowaona wenzake, kwa sababu kondoo aliyetengwa kabisa huhangaika na kukataa kula. Anayemhudumia avae glavu: magonjwa ya mifugo kama brusela na homa ya Q humwambukiza binadamu, hasa kupitia kondo la nyuma na mimba iliyotoka. Na kondoo asipewe chakula kilichochanganywa kwa ajili ya mbuzi. Shaba iliyomo humdhuru ini.

Dalili ninayoisubiri kuliko zote haihitaji kipimo. Mnyama analala kwa kutulia, fundo la majani linapanda shingoni, taya linaanza kuzunguka polepole. Siku hiyo naandika kwenye daftari lake neno moja: anacheua.