Krimu ya soriasisi: pima kwa kidole, hesabu na siku

Ukikaa nusu siku tu kliniki ya ngozi kuna kitu utaona kinajirudia. Mtu anafungua mkoba anatoa tyubu tatu nne zimekamuliwa mpaka zimekunjwa kama za dawa ya meno, anasema dokta hizi zote nimepaka na mabaka yanarudi. Ukizisoma unakuta ni dawa ileile moja, maboksi tu ndo tofauti.

Soriasisi ya mabaka inatokana na kinga ya mwili inayoichokoza ngozi ijitengeneze mbiombio, kazi ambayo kawaida inachukua kama mwezi inafanyika ndani ya siku chache, ndo maana magamba yanarundikana kwenye viwiko, magoti, kiunoni na kichwani. Kwenye ngozi nyeusi baka mara nyingi haliwi jekundu kama picha za mtandaoni, linaelekea zambarau au kijivu au kahawia iliyokolea, kwa hiyo wengine wanatibiwa fangasi miezi na miezi. Haiambukizi, mle sahani moja, mlale kitanda kimoja. Ila pia haiponi ikaisha kabisa, inatulizwa. Mtu akilikubali hili la mwisho anaacha kuhangaika na tyubu kali ya kumaliza kazi, maana kwenye kuhangaika huko ndiko madhara mengi yanakoanzia.

Sasa swali ninaloulizwa sana: dokta, hii ya asilimia 1 si ndo kali kuliko hii ya 0.05? Hapana, ni kinyume chake kabisa! Zote mbili ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, ila haidrokotisoni ya 1% ni ya chini, klobetasoli ya 0.05% ndo ipo juu kabisa kwenye ngazi ya ukali. Namba ni kiasi kilichowekwa kwenye krimu, haikwambii nguvu ya dawa, kwa hiyo soma jina, usilinganishe namba.

Kipimo unacho mkononi. Kamua krimu mstari mmoja kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia nchani mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mwenye mabaka manne ya ukubwa wa kiganja, tuseme viwiko viwili na magoti mawili, anatumia mistari miwili, yaani gramu moja kwa mpako mmoja. Kama umeambiwa upake mara moja kwa siku, tyubu ya gramu 30 inakwenda mwezi, sasa ikiisha ndani ya wiki ujue unaipaka kama losheni. Paka juu ya baka tu, safu nyembamba.

Lakini klobetasoli, hata kama tyubu haijaisha, haizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Usoni, kwapani, kwenye kinena na chini ya matiti usiipeleke bila kuambiwa na daktari, ngozi ya huko ni laini inainywa dawa haraka, ikikonda unaanza kuona michirizi na vimishipa, na michirizi haifutiki. Karibu na macho inaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Usifunge na nailoni juu yake, na wala usimpake mtoto tyubu yako. Alafu kama unatumia mkorogo tuambie tu bila aibu, hatugombezi mtu, mikorogo mingi ina klobetasoli hiyohiyo kwa hiyo hesabu yako yote ya gramu inakuwa ya uongo.

Kuacha nako kuna namna yake. Ukishapaka muda mrefu alafu ukakata ghafla soriasisi inaweza kulipuka kuliko mwanzo, kwa hiyo tunapunguza, siku moja ndiyo moja hapana, baadaye Jumamosi na Jumapili tu, katikati ya wiki unapaka kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D isiyo steroidi (ukiipata), au mafuta ya mgando. Ndo maana pia hatupendi vidonge au sindano za steroidi kwa ugonjwa huu, ukiona ngozi ya mwili mzima inawaka na kubabuka, au vipele vya usaha vinatoka kwa mkupuo na baridi inakutetemesha, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mafuta ya mgando paka kila siku hata kama mabaka yametulia, yanalainisha magamba, sema acha kama nusu saa kati yake na dawa. Na hili watu hawaambiwi: nguo na mashuka yaliyoloa mafuta hayo yanashika moto haraka mno, kanga uliyoshinda nayo umejipaka usiisogelee nayo jiko.

Siku ya kliniki njoo na tyubu zote, hata zilizoisha, na asubuhi hiyo usijipake kitu, tunataka tulione baka lenyewe.