Je, wajua kwa nini Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimpa Tippu Tip ugavana huko Kongo?

Wengi husimulia kwamba Wabelgiji waliiteka Kongo, wakamkuta huko mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, wakampa cheo ili awatumikie. Kisa hicho kinaanzia mwisho. Februari 1887, Tippu Tip alipofunga mkataba na Stanley, msafiri Mzungu aliyemwakilisha Leopold, mjini Unguja, serikali ya Leopold ilikuwa imekwisha timuliwa Stanley Falls, penye Kisangani ya leo. Kituo chake kilivamiwa na Waarabu na Waswahili mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Leopold alimpa mtu mamlaka aliyokuwa nayo tayari, akiongeza bendera na mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.

Mamlaka yenyewe yalitokana na deni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndilo jina lake halisi, alianza na mtaji mdogo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, hasa Taria Topan, walimkopesha merikani (kitambaa cha pamba), shanga, bunduki na baruti, alipe kwa pembe za ndovu. Karibu na pwani ndovu walikuwa wamepungua na watawala walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani, basi misafara ikazidi kwenda bara, hadi ng'ambo ya mto Lualaba. Huko pembe zilikuwa tele na bunduki chache. Mfanyabiashara wa namna hii ni kama mchuuzi wa samaki aliyechoka na bei za mnada, akaamua kulitwaa diko zima: anayenunua hutoa nguo kwa kila pembe, anayetawala huletewa pembe kama kodi.

Utetera, nchi iliyokuwa huko Kongo, aliitwaa kwa njia ya ajabu kabisa. Alisikia kuwa dada wa mtawala, Kasongo Rushie, alitekwa zamani, akadai yeye ni wa uzao wa dada huyo. Mzee yule akamwachia utawala. Tukio hili tunalo kwa kauli ya Tippu Tip mwenyewe, naye si shahidi asiye na upande. Kwingineko zilisema bunduki: vijiji vilichomwa, watu wakatekwa na kubebeshwa pembe hadi pwani.

Mkataba ule wa 1887 ulimtaka azuie utekaji huohuo. Alianza safari ya kurudi Unguja mwaka 1890. Leopold alipopata askari wa kutosha, vita vya 1892 hadi 1894 viliumaliza utawala wa Waarabu na Waswahili kule, na Sefu, mwanawe Tippu Tip, akauawa. Baba mtu alifariki Unguja Juni 1905, akiwa ameshaandika maisha yake kwa Kiswahili.