Kuvu Zinazoua Wadudu: Yanayodhaniwa na Yaliyobainishwa na DNA

Dhana: Kuvu zinazofanana kwa umbo na kwa kazi ni za ukoo mmoja.

Ukweli: Wataalamu wenyewe waliamini hivyo kwa muda mrefu. Kuvu iliyoua kiwavi, chungu au buu, kisha ikachomoza mwilini mwake kijiti chenye kichwa kilichojaa spora (chembe za uzazi za kuvu), kwa kawaida iliingizwa katika jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) ya Cordyceps, ambayo hatimaye ilibeba spishi zaidi ya 400. Mwaka 2007 watafiti Gi-Ho Sung, Joseph Spatafora na wenzao walilinganisha mifuatano ya DNA ya jeni tano hadi saba kutoka kuvu 162, na jenasi hiyo ikasambaratika, kwani wanachama wake waliangukia katika familia tatu: Cordycipitaceae, Ophiocordycipitaceae na Clavicipitaceae. Familia hiyo ya mwisho ndiyo yenye Claviceps, kimelea cha masuke ya nafaka. Maana yake ni kwamba baadhi ya kuvu zinazoua wadudu zina undugu wa karibu zaidi na kimelea cha nafaka kuliko na wauaji wenzao. Mdudu akifia ardhini, spora hazina budi kupandishwa hadi hewani, hivyo urefu wa kijiti hueleza mahali mdudu alipofia kuliko nasaba ya kuvu.

Dhana: Kimelea hakivuki kutoka kwa mdudu kwenda kwa kiumbe wa mbali kabisa.

Ukweli: Kuna kuvu zinazoshambulia kuvu nyingine ziitwazo Elaphomyces, ambazo hukua chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti. DNA imeonyesha kwamba ndugu zao wa karibu ni vimelea vya nyenje wachanga, ambao nao huishi ardhini wakinyonya utomvu wa mizizi. Kinasaba, nyenje na Elaphomyces ni viumbe walioachana mno. Kimakazi, ni majirani kwenye mzizi mmoja, na inaelekea ujirani huo ndio uliofungua njia.

Dhana: Kwa kuwa sasa kuna DNA, kuchunguza umbo kwa hadubini hakuna kazi tena.

Ukweli: Hapana. Baada ya matokeo ya jeni, sampuli zilitazamwa upya, ikabainika kuwa Ophiocordyceps nyingi (jenasi iliyopewa baadhi ya kuvu zilizoondolewa katika Cordyceps) ni ngumu na za rangi nyeusi-nyeusi, ilhali Cordyceps zilizobaki mara nyingi ni laini na zenye rangi angavu. Dalili zilikuwepo, ila hazikupewa uzito.

Dhana: Kubadili majina ni mchezo wa wasomi tu.

Ukweli: Malalamiko haya yana sababu, maana kwa miaka mingi kuvu moja iliruhusiwa kuwa na majina mawili, moja la hatua ya kuzaana kijinsia na jingine la hatua isiyo ya kijinsia, hadi mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne, Australia, mwaka 2011 ulipoufuta utaratibu huo. Lakini tazama gharama ya kutojua nasaba. Kuvu maarufu ya viwavi wa nyanda za juu za Tibet, inayouzwa kwa bei kubwa kama dawa, leo ni Ophiocordyceps sinensis, na haimo katika familia moja na Cordyceps militaris inayooteshwa kwa urahisi, ingawa neno “cordyceps” kwenye chupa laweza kumaanisha yoyote kati ya hizo. Tolypocladium inflatum, inayotupatia siklosporini, dawa inayouzuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa, ilijulikana kwanza kama kuvu ya udongo kutoka Norwei. Mwaka 1996 ilitambuliwa kuwa ni hatua isiyo ya kijinsia ya kimelea cha mabuu ya mbawakawa.

Mfano ulio karibu nasi ni Metarhizium acridum, kuvu nyingine inayoua wadudu. Iliwahi kuhesabiwa kuwa aina ndogo tu ndani ya spishi ya Metarhizium anisopliae, ambayo huua wadudu wa makundi mengi, hadi mwaka 2009 ulinganisho wa DNA ulipoifanya spishi kamili. Hii huwaandama panzi na nzige. Mwaka huohuo ilinyunyizwa nchini Tanzania dhidi ya nzige wekundu katika mbuga za Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, maeneo oevu yenye wanyamapori wengi, ambako sumu ya kemikali ingewaua pia wadudu wasiohusika na kuingia majini.