Mabaka Meupe ya Ngozi katika Tiba ya Ayurveda

Mabaka meupe kwenye ngozi si ugonjwa mmoja, na matibabu mengi huharibika kwa kutolijua hilo. Utangotango husababishwa na kuvu, nao hutibiwa kwa dawa za kuvu. Ukoma huleta baka lililofifia rangi ambalo huenda lisihisi mguso wala joto, na hutibika hospitalini. Mbalanga, ambayo madaktari huiita vitiligo, hutokea kinga ya mwili inaposhambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizi hata kidogo.

Ayurveda, tiba ya kale ya India, huiita mbalanga shvitra, na huieleza kuwa ni kuvurugika kwa nguvu tatu za mwili: vata, pitta na kapha. Wafuasi wake hukatazwa kula samaki pamoja na maziwa, katazo ambalo wengi hulishika hadi leo ingawa halina ushahidi wa kisayansi.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni bakuchi, mbegu za mmea wa jamii ya kunde, ambazo husagwa na kupakwa au kunywewa, kisha mgonjwa huota jua. Ndani yake mna psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi iathiriwe kwa nguvu na miale ya urujuanimno, miale isiyoonekana iliyomo katika mwanga wa jua, na katika karne ya 20 tiba ya hospitali iliitumia kanuni hiyohiyo kwa kupima kipimo cha dawa na muda wa mwanga wa taa. Tofauti iko katika vipimo: mbegu haijulikani ina dawa kiasi gani, na jua la mchana halina swichi. Matokeo yake huweza kuwa malengelenge na kuungua, na kwa mwenye mbalanga ngozi iliyojeruhiwa yaweza kuota baka jipya mahali palepale. Wapo pia waliopata madhara ya ini baada ya kunywa bakuchi, na baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa makusudi kwa zebaki au risasi, metali zenye sumu; kwa hiyo dawa isiyo na orodha ya viambato isimezwe.

Hata hivyo, waganga wa kale walikuwa na jicho kali. Maandiko yao yanasema kwamba baka jipya, ambalo vinyweleo vyake havijageuka vyeupe, hutibika, lakini lililo midomoni au viganjani ni gumu. Daktari wa ngozi wa leo huangalia mambo hayohayo, kwa kuwa rangi hurejea kama vitone vidogo kuzunguka mashina ya vinyweleo, ambamo chembe za akiba zimejificha, na kiganja hakina kinyweleo hata kimoja.