Jina Lililo Kichwani mwa Gitaa

Kazi yangu ni kutengeneza magitaa ya umeme hapa Arusha, na swali ninaloulizwa zaidi, hasa na vijana wa kwaya na wa bendi za hotelini, ni chapa ipi iliyo bora. Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia, kwa sababu gitaa la mwaka 1962 na la mwaka 1975 yanaweza kuwa na jina lilelile kichwani na bado yasilingane kwa ubora, na wapigaji waliolihama jina hilo katikati ya miaka hiyo hawakufanya hivyo kwa kupenda mageuzi tu. Nimekuja kuamini kwamba chanzo kikubwa cha uhamaji huo ni umiliki: nani anamiliki kiwanda, na nani anamiliki gitaa lenyewe.

Kwanza nieleze kwa nini kuhama si jambo jepesi. Magitaa mengi ya umeme yanayopita mezani kwangu ni watoto wa miundo ya kampuni mbili za Marekani. Fender ya California ilitoa Telecaster mwaka 1951 na Stratocaster mwaka 1954, yenye shingo ya mepo iliyofungwa kwa skrubu, pikapu (sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja, na uzi unaotikisika kwa urefu wa milimita 648. Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilitoa Les Paul mwaka 1952, yenye shingo ya mahogani iliyounganishwa kwa gundi na uzi wa karibu milimita 628, na kuanzia mwaka 1957 ikaipa pikapu ya koili mbili, iliyobuniwa na Seth Lover ili kuondoa mvumo wa umeme. Tofauti ya milimita 20 inaonekana ndogo, lakini uzi wa unene uleule, ukitakiwa kutoa sauti ileile, huhitaji kukazwa kwa karibu asilimia 6 zaidi kwenye shingo ndefu. Kidole kilichozoea kuuvuta uzi kwa kiasi fulani hukosea pindi shingo inapobadilika, kwa hiyo uaminifu wa mpigaji kwa chapa moja si majivuno matupu.

Hata hivyo wapigaji wamehama, na wakati mwingine wamekivuta kiwanda kiwafuate. Kisa cha Les Paul ndicho ninachopenda kuwasimulia wateja. Mauzo yake yalipolegea, Gibson iliacha umbo lile nene mwaka 1961 na kuleta lingine jembamba lenye pembe mbili, ambalo leo linaitwa SG. Miaka michache baadaye, jijini London, mpiga gitaa Eric Clapton alirekodi na bendi ya John Mayall akitumia Les Paul kuukuu na amplifaya ya Marshall. Rekodi hiyo ilipotoka mwaka 1966, wapigaji wa Uingereza walianza kusaka magitaa yaliyokwisha kuachwa kutengenezwa, na mwaka 1968 kiwanda kikalazimika kuyarudisha sokoni. Kinachonifurahisha ni kwamba Clapton mwenyewe hakubaki huko. Mwaka 1970 alinunua Stratocaster kadhaa zilizokwisha kutumika katika duka moja la Nashville, akaunganisha vipande vya matatu kuwa gitaa moja jeusi, na aliyewavuta wenzake kwenye Gibson akaendelea kwa miaka mingi akiwa na Fender.

Tazama pia kwamba alinunua makuukuu. Fender ilikuwa imeuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji, mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na wapigaji wengi waliona kwamba baada ya hapo haraka ya uzalishaji ilianza kuushinda uangalifu. Mwaka 1971 skrubu nne zilizoshika shingo ya Stratocaster zilipunguzwa kuwa tatu. Kama fundi, sioni tatizo katika idadi ya skrubu yenyewe. Tatizo ni tundu lililochongwa bila usahihi, kwani shingo ikicheza ndani yake, nyuzi huhama kutoka mstari wake na kutuni kunakuwa kazi ya kila baada ya wimbo. Gibson nayo iliingia mikononi mwa wenyewe wapya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, kundi lililokuja kujulikana kama Norlin, na manung'uniko yaleyale yakafuata. Hapo ndipo wapigaji walipoanza kutenganisha jina na mwaka, na gitaa la Fender la kabla ya CBS likawa kama chapa inayojitegemea, yenye bei yake na waumini wake.

Japani iliingia kupitia ufa huo. Ibanez, chapa ya huko, ilianza kwa kuiga waziwazi, kiasi kwamba mwaka 1977 Norlin ilifungua kesi kuhusu umbo la kichwa cha gitaa, lakini wakati huo Ibanez ilikuwa tayari inahamia kwenye maumbo yake yenyewe. Fender iliamua kutumia njia nyingine: mwaka 1982 ilianza kutengeneza magitaa hukohuko Japani, katika kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto, na chapa ya Squier ikazaliwa. Carlos Santana, aliyepiga Gibson SG kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969, alichukua Yamaha SG2000 katikati ya miaka ya 1970, kisha katika miaka ya 1980 akahamia kwa Paul Reed Smith (PRS), mtengenezaji wa Marekani. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alipita chapa za Kramer, Music Man na Peavey kabla ya kutua Fender, ingawa gitaa lililompa jina alikuwa ameliunganisha mwenyewe: mwili wa umbo la Stratocaster na pikapu iliyotolewa kwenye Gibson.

Kwetu historia ilikwenda kwa njia tofauti, na hapa umiliki ninaousema ni ule wa gitaa lenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga solo alikabidhiwa gitaa alilolikuta, na akiacha kazi aliliacha stoo, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kujenga mapenzi na chapa. Uhamaji wake ulikuwa wa bendi, na habari kwamba mahali fulani vyombo vipya vimewasili iliweza kumhamisha upesi kuliko nyongeza ya mshahara. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakapiga hapa Arusha na Arusha Jazz, kisha wakavuka mpaka na kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Ukitaka kufuatilia sauti ya magitaa yao, utafuatilia mikono na bendi. Chapa haitakusaidia sana.

Hali hiyo haijaisha, imehamia kanisani. Magitaa mengi ninayotengeneza ni ya usharika, yamenunuliwa na kamati, mara nyingi kutoka Nairobi kupitia Namanga, na wanaoyapiga hawakuulizwa wanapenda nini. Kamati huchagua kwa jina na bei, na hapo ndipo magitaa ya bandia yenye jina kubwa kichwani yanapopata wateja. Mimi huangalia kwanza namba na nchi iliyotengeneza, maana leo jina linasema machache: Cor-Tek, wenye chapa ya Cort, hutengeneza pia huko Indonesia magitaa ya PRS SE. Majina mawili yanayobishaniwa na wapigaji yanaweza kuwa yametoka chini ya paa moja.

Nikiombwa ushauri na kamati, hutaja mambo ambayo chapa kubwa hazina haja ya kuyafikiria. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na kanisa lisilo na waya wa ardhi ulio sawa huifanya pikapu ya koili moja ivume ibada nzima. Hewa kavu ya kiangazi hukausha ubao, na ncha za freti, vile vyuma vinavyokatisha shingo, zikajitokeza pembeni mwa shingo. Gitaa la mtindo wa Gibson, ambalo kichwa chake kimelala nyuma kwa digrii 14 hadi 17, likianguka kutoka kwenye stendi huvunjika shingoni mahali palepale. La mtindo wa Fender husalimika mara nyingi, na hata shingo ikiharibika ninafungua skrubu na kuweka nyingine. Ndiyo sababu nimewaona wengi wakiiacha Epiphone, chapa ya bei nafuu ya Gibson, na kuchukua Yamaha Pacifica, ambayo matoleo yake mengi yana pikapu ya koili mbili karibu na daraja na za koili moja mbele, juu ya shingo ya skrubu.

Jina kubwa halimlindi mwenyewe pia. Mwaka 2015 Gibson ilifunga vikaza nyuzi vya kujituni vyenyewe katika magitaa yake mengi na kupandisha bei; wapigaji wakayakwepa. Mei 2018 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa imelemewa zaidi na madeni ya biashara ya vifaa vya sauti vya nyumbani kuliko magitaa.

Vijana wanaojinunulia magitaa yao wenyewe, na idadi yao inaongezeka Arusha na Moshi, wameanza uhamaji wa aina nyingine ambao mimi nauunga mkono. Hawauzi gitaa ili wanunue chapa nyingine. Wananiletea nibadilishe pikapu, vikaza nyuzi na swichi, na fedha yao inakwenda kwa watengenezaji wa pikapu kama Seymour Duncan au DiMarzio. Wapo wanaokuja na Squier ambayo kilichobaki cha kiwandani ni shingo na mwili tu, na ukiwauliza wanapiga gitaa gani, hukutajia kwanza jina la pikapu.